Saa ya GPS kwenye theluji: shika kimo kwanza, kasi baadaye

Ndugu zetu Waafrika Mashariki wa Denver, Marekani, wanaoanza kuteleza kwa ubao wa theluji wakinunua saa ya GPS, yaani inayojua mahali ulipo kwa kutumia setilaiti, swali la kwanza huwa ni kasi: itanionyesha nimeshuka kilomita ngapi kwa saa? Mimi huwarudisha kwenye kimo. Saa inahesabu miteremko yako kwa kimo, na kimo kikivurugika, rekodi ya siku nzima imevurugika.

Saa nyingi za michezo, kama vile Garmin Fenix, zina barometa ndani, kidude kinachopima mgandamizo wa hewa. Ukipanda kwa lifti ya viti mgandamizo unapungua, saa inatambua kwamba unapandishwa na inasimamisha hesabu. Ukianza kushuka inafungua mteremko mpya yenyewe, wala hugusi kitufe. Sharti lake ni kuchagua Snowboard kwenye menyu. Ukichagua kukimbia, hata muda uliokaa kwenye lifti utaingia kwenye mazoezi yako.

Maandalizi ni ya jioni, ukiwa bado nyumbani. Chaji saa mpaka ijae, kisha iunganishe na simu. Hapo inapakua taarifa za mahali setilaiti zitakapokuwa siku zinazofuata, na asubuhi itazipata upesi. Bila taarifa hizo itabidi izipokee kutoka angani, na setilaiti moja huchukua kama nusu dakika kutuma za kwake, mradi mawimbi yasikatike. Ukifika mlimani, tafuta mahali pa wazi mbali na kuta za hoteli, fungua shughuli yako, subiri saa ikwambie iko tayari, ndipo ubonyeze kuanza.

Kabla hujaingia foleni ya lifti, rekebisha kimo. Mji wa Breckenridge, wa milimani Colorado, ninakopenda kwenda, uko mita 2,926 hivi juu ya usawa wa bahari. Kama uko pale mjini, ingiza namba hiyo kwa mkono. Barometa haiwezi kutofautisha mlima na hali ya hewa: dhoruba ikikaribia mgandamizo hushuka, nayo saa inadhani ni wewe uliyepanda. Kwenye kimo kile, mgandamizo ukishuka kwa hektopaskali 5 tu (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), saa inakuongezea zaidi ya mita 50 ambazo hukupanda. Kituo cha juu cha lifti ya Imperial Express, lifti ya viti iliyo juu kuliko zote Amerika Kaskazini, kiko mita 3,914. Ukifika hapo itazame saa. Ikitofautiana sana, irekebishe tena.

Kagua pia vile vitundu vidogo ubavuni mwa saa. Ndimo hewa inamoingia kwenda kwenye barometa, na theluji ikiganda mle kimo hukwama au kurukaruka. Suuza kwa maji ya uvuguvugu. Sindano usiitie kabisa, utatoboa kilichomo.

Wengine huivaa saa juu ya jaketi ili waisome kwa urahisi. Mimi naivaa ndani ya mkono wa jaketi, kwenye ngozi, kwa sababu betri ya lithiamu hudhoofika sana kwenye baridi na joto la mwili huisaidia. Kitambaa hakizuii mawimbi ya GPS. Mapigo ya moyo ni habari nyingine: kwenye baridi mishipa ya ngozi hujibana na taa za chini ya saa zinazopima mapigo hazioni damu vizuri, kwa hiyo ukitaka namba za kuaminika vaa mkanda wa kifuani. Funga skrini ya kugusa, utumie vitufe. Glovu iliyolowa inaweza kusimamisha rekodi bila wewe kujua.

Sasa kasi. Kati ya miti mawimbi hudunda na kuchelewa, saa ikadhani umeruka mita kadhaa kwa sekunde moja, na jioni unaoneshwa kasi ya kutisha. Fungua mchoro wa kasi kwenye simu: kasi ya kweli hupanda na kushuka taratibu, ya uongo husimama kama sindano. Hii si hoja ndogo kwangu. Nimeona vijana wakiifukuza namba ile kwenye miteremko yenye watoto wanaojifunza, na hakuna saa inayostahili mtu avunjwe mguu.

Simamisha rekodi kabla ya kuingia garini, ama sivyo I-70, barabara kuu ya kurudi Denver, itakuwa mteremko wako mrefu kuliko yote. Na kabla ya kuchapisha kwenye Strava, programu ya kuonyeshana mazoezi, ficha eneo la nyumbani kwako. Mwaka 2018 ramani yao ya mazoezi iligundulika kuwa inaonyesha hata kambi za kijeshi.

Ukirudi nyumbani kupanda Kilimanjaro, saa ni ileile, ila chagua kupanda mlima. Kwenye njia ya Marangu, kambi ya Horombo ina kibao kinachoonyesha mita 3,720. Rekebisha kimo hapo. Usiku wa kuondoka kambi ya Kibo kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, weka GPS kwenye hali ya kubana betri, kwani njia ni moja na mwongozaji unaye. Pawabenki usiiache kwenye begi la nje. Lala nayo ndani ya begi lako la kulalia.