Somo: Uvimbe wa seli za plazima kwenye taya, kuanzia kiti cha meno hadi jibu la patholojia

Hili ni somo la saratani ya seli za plazima (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili), kwa wenzangu wanaoshinda kwenye kiti cha meno katika vituo vya afya na hospitali za wilaya. Mgonjwa mwenyewe mnamjua: miaka 60 na ushei, gego la chini linacheza, fizi safi, na anasema mdomo wa chini upande huo umekufa ganzi. Ganzi hiyo ikusimamishe. Mdomo kufa ganzi bila ajali wala jino kung'olewa uchukuliwe kuwa dalili ya saratani mpaka vipimo vikatae.

Hatua ya 1: picha kwanza, koleo baadaye. Picha ya jino moja haitoshi, tafuta OPG, yaani eksirei ya taya zote mbili kwa pamoja. Unachokitazamia ni tundu jeusi lisilo na ukingo mweupe, kama karatasi iliyotobolewa kwa mashine ya faili. Mara nyingi huwa nyuma kwenye taya la chini, kwa sababu huko ndiko uboho ulikobaki.

Hatua ya 2: uliza habari za mwili mzima. Mgongo unauma? Anachoka upesi? Kiu na choo kigumu? Mtoe ulimi: ukiwa mnene na una alama za meno pembeni, fikiria amiloidi, protini inayorundikana kwenye tishu. Pima na VVU, sababu iko kwenye maswali.

Hatua ya 3: kata kipande. Pima kwanza damu, pamoja na kuganda kwake, maana uvimbe huu hutoka damu sana. Fika kwenye uvimbe wenyewe, usikwangue fizi ya juujuu tu. Weka kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande. Na fomu ijazwe! "Uvimbe wa taya, tafadhali chunguza" haimsaidii mtu wa patholojia. Andika umri, ganzi, na picha imeonyesha nini.

Hatua ya 4: soma jibu kwa makini. Hapa ndipo wengi hukwama. Seli za plazima zimejaa kwenye fizi zilizoumuka na kwenye ncha za mizizi iliyooza, kwa hiyo wingi wake peke yake hausemi kitu. Kinachotakiwa ni kujua kama zote ni za ukoo mmoja. Kila seli hutengeneza mnyororo mwepesi (kipande kidogo cha kingamwili) wa aina moja, kapa au lamda. Kwenye uvimbe wa maambukizi utazikuta zote mbili, kapa zikiwa kama mbili kwa lamda moja. Kwenye saratani, karibu zote ni upande mmoja. CD138, alama inayopimwa juu ya seli, inakuambia hizi ni seli za plazima, basi. Jibu likija na CD138 bila kapa na lamda, piga simu maabara uombe.

Hatua ya 5: ni hapa tu, au mwili mzima? Elektroforesi (kipimo cha kutenganisha protini) za damu na mkojo, minyororo myepesi huru, kalisi, kreatinini, hemoglobini, uboho, na picha za mifupa yote. Seli za ukoo mmoja zikifika asilimia 10 ya uboho, pamoja na kalisi juu ya milimoli 2.75 kwa lita, figo kuchoka, hemoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita au mifupa kutoboka, hiyo ni mieloma, yaani saratani ya seli hizi iliyoenea kwenye uboho. Ikiwa ni uvimbe mmoja tu, tiba ni mionzi, lakini usimwage mgonjwa: kwa walioanzia kwenye mfupa, takriban nusu huja kupata mieloma ndani ya miaka 10.

Maswali ya wanachama

*Dokta, wangu ana miaka 34, anaishi na VVU, fizi imevimba ndani ya wiki chache. CD138 chanya, CD20 (alama ya seli B) hasi. Nimpeleke kama mieloma?*

Taratibu. Hiyo inanuka limfoma ya plazimablasti, saratani kali ya seli changa za plazima, iliyoelezwa mwaka 1997 kwa wagonjwa wa VVU, hasa kinywani. Omba Ki-67, kipimo cha kasi ya seli kugawanyika, ambayo huwa juu sana, na EBER, kipimo cha kuonyesha kirusi cha Epstein-Barr ndani ya seli. Tiba yake ni nyingine kabisa, na haisubiri.

*Kijiti cha mkojo hakijaonyesha protini. Si inatosha?*

Haitoshi. Kijiti hunasa albumini, minyororo myepesi inapita bila kuonekana.

*Shikamoo daktari. Mgonjwa wa mieloma anachomwa asidi ya zoledroniki, dawa ya kulinda mifupa, jino linamsumbua. Ning'oe?*

Marahaba. Usiharakishe, mfupa wa taya unaweza kufa. Jino likitibika kwa kusafisha mzizi, litibu hivyo, na zungumza na daktari wake wa saratani kabla ya kugusa koleo. Ukikuta mfupa umebaki wazi zaidi ya wiki 8 na hajawahi kupigwa mionzi ya taya, mpe rufaa.