Mmebanana nyumbani na kaunsili haina maafisa? Andika ripoti hivi

Kwa wale wa London mnaokaa familia nzima kwenye flati ndogo, maafisa afya wa kaunsili (serikali ya mtaa), wale wanaokagua nyumba, ni wachache na mafaili kibao, so imeili ya "tumebanana jamani tusaidieni" italala hapo hapo. Mpunguzie afisa kazi.

Anza na hesabu. Sheria ya nyumba ya 1985 inasema chumba 1 watu 2, viwili watu 3, vitatu watu 5, na sebule nayo ni chumba cha kulala (ndio, sebule, ukatili mtupu). Mtoto hajafika mwaka hahesabiwi, kuanzia mwaka 1 mpaka kabla ya 10 ni nusu mtu. Yaani baba, mama na watoto wa miaka 6 na 9 kwenye chumba na sebule kisheria mnatosha, mkubwa akigonga 10 tu mnakuwa watu 3 na nusu, hapo mmezidi. Kwa hiyo tarehe za kuzaliwa ziandike juu kabisa, zisitafutwe.

Halafu shika tepu upime kila chumba, maana chini ya futi za mraba 50 hakihesabiki kabisa na chini ya 110 hakibebi watu wawili wazima. Wengi hawapimi na hapa ndipo kesi inapopona.

Hesabu ikigoma, omba ukaguzi wa hatari za kiafya chini ya sheria ya nyumba ya 2004, msongamano umo na hauhesabiwi kizamani hivyo. Afisa akikuta hatari ya kategori 1, yaani ile nzito kabisa, kaunsili inalazimika kuchukua hatua, kwa hiyo weka picha za ukungu, mtoto akiwa na pumu weka na barua ya GP (daktari wenu wa kawaida). Ila kama landilodi ni kaunsili yenyewe haiwezi kujiandikia notisi, hapo dai matengenezo na kuhamishwa.

Tuma vyote kwenye imeili moja, omba namba ya kesi. Kimya kikizidi, peleka malalamiko rasmi, na sambamba uliza kwa sheria ya uhuru wa habari nafasi ngapi za maafisa ziko wazi, wana siku 20 za kazi kujibu. Jibu hilo mpe diwani wako. Wakikuzungusha bado, nenda kwa Ombudsman wa serikali za mitaa (msikilizaji huru wa malalamiko) kabla miezi 12 haijapita tangu ujue tatizo.