Mapenzi ya Asiyekufa: Somo kwa Waandishi wa Hadithi za Majini

Hadithi nyingi za jini mahaba ninazoletewa zinakwama pale pale: jini anaweza yote, binadamu kazi yake kushangaa tu.

Hatua ya 1: mtafutie sindano. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, hakuuawa kwa mkuki wala mshale. Alimalizwa kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo alimwambia mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe. Basi usianze na nguvu za jini wako. Anza na siri inayoweza kumwua, kisha jiulize ni usiku gani atamwambia mpenzi wake. Hadithi yote inaelekea usiku huo.

Hatua ya 2: umri uonekane kwenye mazoea. Tuseme jini wako aliiona Ngome ya Yesu ikianza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Tafadhali, asihutubie historia kitandani! Akipita Mji wa Kale na mpenzi wake, ainamishe kichwa mahali peupe, kwa kuwa zamani palikuwa na mlango mfupi. Dukani aombe mchele kwa pishi, kipimo cha zamani. Mwanamke acheke kwanza, wasiwasi umjie baadaye.

Hatua ya 3: binadamu awe mtu mzima hasa. Ana kazi, ana deni, pengine ana talaka moja. Akisema hapana, jini anaondoka.

Hatua ya 4: chumbani. Mkono unaovunja boriti unafungua kifungo kimoja, taratibu, na unatetemeka. Hapo shusha pazia.

Maswali ya wanachama

*Jini wangu ana miaka 600, mpenzi wake 34. Haitakuwa babu na mjukuu?*
Itakuwa, kama jini ndiye mwalimu wa kila jambo. Mfanye huyo dada fundi simu, babu apange foleni kama wateja wengine.

*Mwalimu, naweza kumpa uwezo wa kusoma mawazo?*
Mpe, halafu aahidi kutomsoma mpenzi wake. Ukimwacha amroge ili apendwe, umeshaandika hadithi ya utekaji.

*Lazima mmoja afe mwishoni?*
Si lazima. Mwache mwanamke azeeke. Miaka 25 imepita, wamekaa mgahawani, wameshikana mikono chini ya meza. Mhudumu anakuja, anamwamkia mwanamke shikamoo, kisha anauliza: “Mama, na huyu mwanao atakunywa nini?”