Namna ya Kusoma Anguko la Daudi kwa Macho ya Wote Waliohusika

Habari ya Mfalme Daudi, aliyelala na Bathsheba, mke wa askari wake Uria, kisha akapanga Uria auawe, husomwa mara nyingi katika vikundi vya kujifunza Biblia, na karibu kila mara husomwa kutoka upande wa mfalme. Tunaanguka pamoja naye, tunatubu pamoja naye, tunasamehewa pamoja naye, kisha tunafunga kwa sala na kurudi nyumbani tukiwa tumefarijika. Faraja hiyo ina haki yake, lakini tukiipata kwa kumsahau Uria, tumeipata kwa bei ndogo mno. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kiongozi wa jumuiya ndogondogo, wa kikundi cha nyumbani au wa vijana, anayetaka watu wake waone jinsi kosa lilelile la mtu wa imani linavyobadilika sura kulingana na mahali anaposimama anayelitazama. Sura zinazohitajika ni ya 11 na ya 12 za Kitabu cha Pili cha Samweli.

Anza kwa kusoma sura ya 11 yote kwa sauti, polepole, bila kueleza chochote. Baada ya hapo gawa kikundi katika sehemu nne, na kila sehemu ikabidhiwe mtu mmoja: Daudi, Uria, Bathsheba na Yoabu, jemadari wa jeshi la Daudi. Kazi ya kila sehemu ni kueleza mtu wao alijua nini, aliombwa au aliamriwa nini, na alikuwa na uwezo gani wa kukataa. Wasisitizie wabaki ndani ya maandishi. Habari hii imeongezewa mambo mengi na wahubiri, na mengi ya hayo huanguka mara tu mtu anapoulizwa ni mstari gani unaosema hivyo.

Wape nafasi ya kwanza walio upande wa Uria, na uwape muda mrefu kuliko wengine. Baada ya Bathsheba kumjulisha mfalme kwamba ana mimba, Uria Mhiti anaitwa kutoka vitani, ambako jeshi limeuzingira mji wa Raba wa Waamoni. Mfalme anamuuliza habari za Yoabu, za watu na za vita, kisha anamwambia ateremke nyumbani kwake akaoshe miguu, na zawadi ya mfalme inamfuata nyuma. Uria halali nyumbani. Analala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Akiulizwa sababu, anajibu kwamba Sanduku la Agano, Israeli na Yuda wanakaa vibandani, na bwana wake Yoabu amepiga kambi uwandani, basi yeye ataendaje kula, kunywa na kulala na mkewe? Usiku unaofuata mfalme anamlewesha, na bado haendi. Asubuhi anapewa barua ampelekee Yoabu, na barua hiyo inaagiza awekwe mahali penye vita vikali, kisha wenzake warudi nyuma ili afe. Mtu anabeba hukumu ya kifo chake kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na imani ya kutosha kutoifungua. Baada ya hapo fungueni sura ya 23 ya kitabu hichohicho, kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi: jumla yao ni 37, na jina la mwisho ni Uria Mhiti. Msomaji aliyesimama hapa hawezi tena kuliita tukio hili "udhaifu wa mwili" tu. Tamaa ilikuwa mwanzo. Kilichofuata ni mpango wa mauaji dhidi ya askari mwaminifu.

Kwa walio upande wa Bathsheba, swali liwe moja: maandishi yanampa nafasi gani ya kuchagua? Wataona kwamba mfalme aliambiwa wazi kuwa huyu ni binti Eliamu, mke wa Uria, na bado akatuma wajumbe wakamchukua. Wataona pia kwamba katika sura ya 11 maneno yake ni machache sana, nayo ni ujumbe kwamba ana mimba, na kwamba aliposikia mumewe amekufa, alimwombolezea. Tumezoea kusikia mahubiri yanayomlaumu kwa kuoga mahali pa kuonekana, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa juu ya dari akitazama, wala si Daudi. Maandishi hayamlaumu hata mara moja, na nabii Nathani alipokuja kukemea, alimkemea Daudi peke yake.

Yoabu hahitaji muda mrefu, lakini msimruke. Yeye, pamoja na wajumbe na watumishi wa jumba, anatukumbusha kwamba dhambi ya mkubwa huhitaji mikono mingi, na kwamba wengi waliijua au waliitumikia kabla nabii hajafika.

Sasa someni mwisho wa sura ya 11 kwa makini. Daudi anamtumia Yoabu ujumbe kwamba jambo hili lisiwe baya machoni pake, kwa kuwa upanga hula huyu na huyu. Mistari miwili baadaye tunaambiwa kwamba jambo alilolitenda Daudi lilikuwa baya machoni pa Bwana. Hapo ndipo sura ya 12 inapoanzia. Nathani haji na mashtaka. Anakuja na kisa cha tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja wa kike, aliyekula tonge lake, akanywea kikombe chake na kulala kifuani pake kama binti. Tajiri anamnyang'anya maskini huyo kondoo ili amwandalie mgeni wake. Daudi anawaka hasira na kutoa hukumu, kwa sababu kwa mara ya kwanza amesimamishwa upande wa aliyeporwa. Ndipo anaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Mwache kila mmoja akae na neno hilo kidogo kabla ya kuendelea.

Kama kikundi kina nguvu ya kusonga mbele, walinganishe na sura ya 20 ya Mambo ya Nyakati wa Kwanza. Vita vya Raba vipo, Daudi kubaki Yerusalemu kupo, lakini Bathsheba hatajwi na kifo cha Uria hakisimuliwi. Katika maeneo yetu, ambako wengi tuna ndugu na majirani Waislamu, inafaa pia kujua kwamba Kurani, katika Sura Saad, inasimulia wagombanao wawili waliomwingilia Daudi, mmoja akiwa na kondoo 99 na mwenzake mmoja tu, na Daudi akaomba msamaha na kusujudu. Bathsheba na Uria hawatajwi humo, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataa kabisa kwamba nabii aliweza kuzini. Sioni sababu ya kuligeuza jambo hili kuwa mabishano. Linatosha kuonyesha kwamba swali la kasoro za watu wa Mungu limetazamwa kwa uzito na kwa namna tofauti.

Zaburi ya 51 isomwe mwishoni, wala si mwanzoni kama tulivyozoea. Anwani yake inaihusisha na siku Nathani alipomwendea Daudi. Waulize walio upande wa Uria wanalisikiaje neno, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Baadhi watasema ni toba ya kina, kwa kuwa kila uovu humfikia Mungu, wengine watauliza, na Uria je? Usiharakishe kuwapatanisha. Toba ya Daudi ilikuwa ya kweli na alisamehewa, lakini sura ya 12 yenyewe inasema kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake.

Mazungumzo yatafika kwa viongozi wa leo, na hapo ndipo kazi yako inapokuwa nyeti. Mtu akisema, "Hata Daudi alianguka," muulize kwa upole anasema hivyo kwa niaba ya nani. Likisemwa na aliyeumizwa anayetafuta njia ya kuishi, ni neno la rehema. Likisemwa ili aliyeumizwa anyamaze, limegeuzwa kuwa kifuniko, na Nathani hakulitumia hivyo. Kwa yule aliyeacha kanisa kwa sababu ya kiongozi mmoja, usimwambie tu awatazame wanadamu kidogo na Mungu zaidi. Mwonyeshe kwamba Maandiko yenyewe yalisimama na Uria na hayakuufuta ubaya wa mfalme ili kulinda jina lake.

Inawezekana pia mtu akaeleza madhara yaliyompata yeye mwenyewe. Likitokea, acha somo. Msikilize bila kumhoji mbele ya wenzake, usimwahidi kwamba utalifanya siri jambo ambalo sheria inataka liripotiwe, na kama ni mtoto, usilipeleke kwa wazee wa kanisa peke yao. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya kuwasaidia watoto, inayopigwa bila malipo.