Somo: Jinsi hospitali inavyopima mafua na virusi vingine vya njia ya hewa

Huku Kisumu, ukifika hospitali na mwili moto unatobolewa kidole kwanza upimwe malaria. Ni sawa, tunaishi kando ya ziwa. Lakini malaria isipopatikana na mgonjwa bado anakohoa, kazi haijaisha.

Kwanza uliza dalili zilianza lini. Siku tatu nne za mwanzo ndipo virusi hujaa puani. Wiki ikipita, kipimo kinaweza kukosa kirusi kilichokuwepo.

Pili, andika jina, tarehe na saa kwenye chupa ya sampuli kabla hujamgusa mgonjwa. Nimeona chupa mbili zisizo na jina zikitupwa, na watoto wawili wakaingizwa kijiti cha sampuli puani upya, wakilia.

Tatu, sampuli yenyewe. Hapa ndipo kipimo huharibika, hata mashine iwe nzuri namna gani. Tumia kijiti cha plastiki chenye ncha ya nailoni au poliesta. Cha mti chaweza kuvuruga kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Mgonjwa apenge kamasi, alaze kichwa nyuma kidogo. Ingiza kijiti ndani ya tundu la pua, kipite kwenye sakafu yake, sambamba na kaakaa. Usielekeze juu machoni. Kikigota nyuma, kiache sekunde chache, kizungushe polepole, kitoe. Machozi yatamtoka, mwambie mapema. Mtoto apakatwe, kichwa chake kiegemee kifua cha mama.

Nne, vunja kijiti ndani ya chupa yenye maji ya kuhifadhia virusi, weka kwenye boksi baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ifike maabara ndani ya saa 72.

Maabara ina njia mbili. Kipimo cha haraka hutoa mistari kwa kama dakika 15, ila hukosa wagonjwa wengi wa mafua. PCR hunakili vinasaba vya kirusi mara nyingi mpaka vionekane, na hutofautisha influenza A na influenza B (aina mbili za mafua), RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa) na korona. Ndiyo kazi iliyofanywa na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kisian wakati wa korona mwaka 2020.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Nyalenda:* Mtoto wangu aliambiwa hana mafua. Mbona anapumua kwa shida?

Pole, mama. Kipimo cha mafua peke yake hakitafuti RSV, na RSV huwabana sana watoto wachanga. Mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, mrudishe hospitali sasa hivi.

*Muuguzi, Siaya:* Naweza kuongeza sampuli ya koo?

Ndiyo, dada. Vijiti vyote viwili vitie chupa moja, utaongeza nafasi ya kukipata kirusi.

*Mwanachama wa Ahero:* Daktari hungoja majibu ndipo atoe dawa?

Kwa mgonjwa aliyelazwa akiwa na dalili za mafua, asingoje. Oseltamivir, dawa ya mafua, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Na antibiotiki haiui kirusi, kaka, hata ukiinunua dukani mara tatu.