Kambale kwenye vizimba: upandikizaji na ulishaji

Kambale wakipungua kizimbani, yaani kwenye wavu wa kufugia samaki ziwani, bila mizoga kuonekana, mara nyingi wameliwa na wenzao. Anayeanza kuwala ni yule aliyewazidi umbo, na njaa humchochea zaidi. Kwa hiyo usiwapangie idadi na chakula kama sato.

Nunua vifaranga wa gramu 15 hadi 20, wa rika moja na wanaolingana. Wale wa gramu 2 au 3 ni wa bei nafuu, lakini walelewe kwanza kwenye tangi. Wakiingizwa kizimbani mapema hupenya wavu. Kwa vifaranga wa gramu 15, matundu ya milimita 6 hadi 8 yanafaa. Wasile siku moja kabla ya safari. Mkifika, mifuko ielee kizimbani dakika 15 hadi 30, kisha ongeza maji ya ziwa kidogo kidogo kabla ya kuwaachia.

Kizimba cha mita 2 kwa 2 chenye wavu uliozama mita 1.5 kina mita 6 za ujazo. Anayeanza aweke samaki 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani 300. Kitako cha wavu kiwe angalau mita 2 juu ya tope. Kizimba kisizame chote: kambale hupanda juu kuvuta hewa, na akizuiwa anaweza kufa. Funika juu kwa wavu, maana wanaruka, na fisi maji na ndege wanawavizia.

Chakula kiwe punje zinazoelea, zenye protini asilimia 40 hadi 45 mpaka wafike gramu 100 hivi, kisha 32 hadi 35. Samaki 300 wa gramu 20 ni kilo 6. Asilimia 5 yake ni gramu 300 kwa siku. Wakifika gramu 200, tuseme wamebaki 280, ni kilo 56. Wape asilimia 3, karibu kilo 1.7. Wakivuka gramu 500, asilimia 2 inatosha. Gawa mara tatu wakiwa wadogo, baadaye mara mbili, na fungu kubwa liwe la jioni kwa kuwa kambale hula zaidi gizani. Zungushia kizimba pindo la wavu mwembamba, sentimita 20 juu ya maji na 20 chini, la sivyo mawimbi yatatoa punje nje na pesa yako itaondoka nazo. Punje zikibaki baada ya dakika 20, punguza.

Kila baada ya wiki mbili pima samaki 30, upange chakula upya, na uwatenge waliofikia mara mbili ya uzito wa wenzao. Wahamishie kizimba cha pili. Asiye nacho awauze mapema. Shika taratibu, kwani miiba ya mapezi hunasa kwenye wavu. Siku hiyo wasile asubuhi. Jioni wape nusu ya kawaida.