Kuomba vyuo vikali vya Marekani ukiwa Kenya: kutoka kutafuta mshauri mpaka kutuma fomu

Naandika hii nikiwa bado naikumbuka vizuri. Juzi tu nimemaliza kumsaidia binti wa jirani kuomba vyuo vya Marekani, tulianza Aprili tukamaliza Januari. Mamake ana shamba dogo la chai na analichuma mwenyewe. Mimi nilipitia njia hiyo hiyo zamani bila wa kuniongoza, kwa hivyo mzazi akiniuliza "sasa tumlipe nani?" jibu langu huwa moja, usilipe mtu hata shilingi mpaka umalize walio bure.

Hatua ya 1: Maliza KCSE kwanza
Mtihani huu wa Form Four ni Novemba, na vyuo hivi hufunga maombi kati ya Novemba 1 na mwanzo wa Januari. Usijigawe. Pata matokeo, halafu mwaka unaofuata ndio uombe.

Hatua ya 2: Washauri wa bure
Anza na EducationUSA Nairobi, hao wako chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani na kazi yao ni hiyo tu. Waulize pia kama kuna msaada wa kumlipia mwanafunzi asiyejiweza gharama za kuomba, zamani walikuwa na mpango wa hivyo ulioitwa Opportunity Funds. Pili ni KenSAP, ilianzishwa 2004 kule Iten, na mmoja wa waanzilishi ni Mike Boit, mwanariadha yule wa medali ya shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich 1972. Wanachukua wachache sana wenye alama za juu na kuwaelekeza mwanzo mpaka mwisho. Tatu, kama uko kwenye mipango ya benki ya Equity ya wanafunzi bora, ulizia Equity Leaders Program. Omba zote, usingoje moja ikukatae ndio uende nyingine.

Hatua ya 3: Ukilazimika kulipa
Mshauri mzuri utamjua kwa maswali anayouliza. Akikuhakikishia nafasi, toka. Akisema atakuandikia insha, toka. Akitaka neno la siri la akaunti yako akujazie, toka haraka zaidi. Na yule anayesema ana "mtu wa ndani", mkumbuke Rick Singer wa California, alichukua zaidi ya dola milioni 25 kwa wazazi matajiri akiwaahidi mlango wa pembeni, akakamatwa, na Januari 2023 akahukumiwa miaka 3 na nusu. Sasa wewe wa kuuza ng'ombe umlipe mtu kama huyo?

Hatua ya 4: Orodha ya vyuo
Common App, ile fomu moja ya mtandaoni inayotumwa kwa vyuo vingi, inaruhusu vyuo 20. Mimi nasema 10 hadi 12 inatosha, zaidi ya hapo insha zinaanza kufanana. Cha muhimu ni kujua chuo kinatazamaje uwezo wako wa kulipa. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawaangalii pesa za mwanafunzi wa kigeni wakati wa kumchagua, na wakikuchukua wanakulipia kiasi chote unachopungukiwa. Vyuo vingi vingine huangalia, yaani ukihitaji pesa nyingi nafasi inapungua. Changanya za aina zote mbili. Na usiweke Early Decision, yaani maombi ya mapema ya chuo kimoja, kama hujaelewa kwamba ukikubaliwa unafungwa na chuo hicho.

Hatua ya 5: SAT
Huu ni mtihani ambao vyuo vya Marekani hutumia kuchagua wanafunzi. Siku hizi unafanywa kwa laptopu, programu inaitwa Bluebook. Fanya mazoezi hapo na Khan Academy, zote bure. Tuisheni sioni haja.

Hatua ya 6: Shule yako ya zamani
Mfumo wa Common App unataka mtu wa shuleni anayeitwa kaunsela, wa kukutumia ripoti zako, na humtumia mwaliko kwa imeili. Mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri nasaha anatosha, lakini nenda wewe mwenyewe shuleni, usitume ujumbe. Beba ripoti fomu zote za Form One mpaka Four, kaa naye, mfungue imeili pamoja. Sisi tulipoteza wiki tatu kwa sababu mwaliko ulienda kwa imeili ya shule ambayo nywila yake alikuwa nayo sekretari aliyehama.

Hatua ya 7: Insha, maneno 650
Insha ya kwanza ya binti ilianza "Tangu utotoni nimetamani kuwa daktari". Mshauri wake hakuifuta, alimuuliza tu, "Jumamosi asubuhi huwa uko wapi?" Akasema senta ya kupimia majani ya chai, anapokezana na mamake kubeba gunia. "Unafanya nini hapo?" Akatoa daftari la A5 lililochakaa, tangu darasa la sita anaandika kilo kila zikipimwa, kwa sababu siku moja karatasi ilisema kilo 21 na mamake aliona mshale umesimama 24. Basi hiyo ndiyo ikawa insha, kwa maneno yake mwenyewe, na mshauri hakugusa sentensi hata moja.

Hatua ya 8: CSS Profile, hapa ndipo kaa chini
Hii ni fomu ya College Board, wale wenye SAT, ya kuonyesha familia ina pesa kiasi gani, na bila hiyo vyuo vingi havikupi msaada. Inalipiwa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, lakini kabla hujalipa andikia kila chuo uombe namba ya msamaha wa ada, vingine vinakupa, vingine vina fomu yao ya bure.

Sarafu. Tafadhali soma hapa mara mbili. Ukichagua shilingi ya Kenya, jaza shilingi kila mahali. Binti alichagua shilingi halafu, akidhani anawarahisishia Wamarekani, akabadilisha pato la mwaka la 280,000 kuwa dola akaandika 2,170. Chuo kikasoma shilingi 2,170 kwa mwaka mzima, kikaandika kuuliza hii familia inakula nini. Tulikaa saa tano saiba tukirekebisha na kuandikia vyuo vyote tisa, kimoja kimoja.

Pato la chai lina malipo ya kila mwezi na bonasi. Jumlisha vyote viwili, usiache bonasi eti kwa sababu inakuja mara moja. Pesa anazotuma mjomba pia ni pato. Kumbukumbu toa kwa karatasi za malipo ya kiwanda na taarifa ya M-Pesa, piga *334# uombe. Lile daftari la kilo likatusaidia tena hapa, miezi miwili karatasi zilikuwa zimepotea.

Shamba nalo. Kama hati bado iko kwa jina la babu, usiliandike kama mali ya mama, eleza hali hiyo kwenye kisanduku cha maelezo. Na KRA, yaani watu wa kodi: wazazi wengi wameenda saiba wakajaziwa ritani ya sifuri kwenye iTax huku wana pato. Ukituma ritani ya sifuri na fomu yenye 280,000 bila neno, unaonekana mwongo. Eleza ukweli, pesa inatoka wapi na ritani ilijazwaje. Barua ya chifu inasaidia, lakini peke yake haitoshi.

Hapa ndipo mshauri anahitajika kuliko kwenye insha. Ukipata saa moja tu ya mtu anayejua, itumie kwa CSS, mzazi akiwa ameketi pale na karatasi zake zote.

Hatua ya 9: Baada ya kutuma
Kila chuo kitakupa ukurasa wako wa kuingia. Ufungue kila siku mpaka majibu yatoke mwishoni mwa Machi, usitegemee imeili. Januari 20 hivi binti alikuta mstari mwekundu, chuo kimoja kilikuwa bado kinadai barua ya kazi ya baba. Babake alishafariki, na hatukuwa tumeeleza popote. Tukaskani cheti cha kifo usiku huo huo, tukaweka na sentensi mbili za maelezo, kesho yake mstari ukawa kijani.